Mwongozo Kamili: Kuchagua Divelopa ya Filamu Nyeusi na Nyeupe kwa Joto la Dar es Salaam

Divelopa ni dawa inayoitokeza picha kwenye filamu iliyopigwa, na malalamiko ya wanaosafisha filamu nyumbani hapa Dar ni yale yale. Negativu (filamu iliyosafishwa, ambayo penye mwanga huwa peusi) zinatoka nyeusi tii hata skana haipenyi. Anga lina mabaka na michirizi. Au filamu ya leo imetoka vizuri, ya wiki ijayo, kwa dawa ile ile na dakika zile zile, imeharibika. Wengi huilaumu dawa, wananunua nyingine, na tatizo linawafuata huko huko.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja. Dakika zinazotangazwa kwanza kwenye paketi ni za nyuzi 20, na maji ya bomba la Dar hayashuki hadi nyuzi 20 hata Julai. Kwa hiyo swali la kwanza la kuchagua divelopa hapa ni hili: kwenye joto ninaloweza kulishika nyumbani, dawa hii itanipa dakika ngapi? Ulaini wa chembe (vidoa vidogo vinavyounda picha) na ukali wa picha ni mambo ya kuulizwa baadaye.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kipimajoto kinachosoma kuanzia 0 hadi 50. Cha homa hakifai, kwa sababu kinaanzia karibu na nyuzi 35. Kijaribu kwa kukitumbukiza kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo: kinatakiwa kusoma 0. Kikisoma 2, andika hiyo tofauti kwa kalamu isiyofutika kwenye kasha lake.
- Tenki lenye spuli, kile kigurudumu cha kuzungushia filamu. Tenki la plastiki la Paterson linataka mililita 290 kwa filamu moja ya 35mm na 500 kwa filamu ya 120. Hapa tutahesabu kwa 500 hata kwa 35mm, na sababu utaiona.
- Mfuko wa giza, au chumba kisichopenya mwanga hata kidogo.
- Sirinji mbili za duka la dawa, ya mililita 10 na ya 20, kwa ajili ya dawa nzito.
- Jagi mbili zenye vipimo, faneli na saa yenye sekunde.
- Beseni la lita 8 au zaidi, na chupa tatu za nusu lita zilizogandishwa kwenye friza.
- Maji ya chupa ya kunywa, lita 5.
- Fiksa ya haraka, yenye amoniamu thiosalfeti. Hii ndiyo dawa inayoizuia filamu isiendelee kuathiriwa na mwanga.
- Dawa ya kuyafanya maji ya suuzo la mwisho yateleze bila kuacha matone, kama Ilfotol.
- Glavu. Metoli, iliyomo kwenye divelopa za D-76 na ID-11, huwaletea baadhi ya watu mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaanza hauondoki.
- Daftari. Bila daftari huwezi kurekebisha kitu, kwa kuwa hutajua ulichofanya mara iliyopita.

Kama mzigo wako wa dawa unatoka nje ya nchi, acha kila paketi na lebo yake ya asili na uambatanishe karatasi ya maelezo ya mtengenezaji. D-76, ID-11 na HC-110 zina haidrokwinoni, kemikali ambayo hairuhusiwi kwenye vipodozi nchini. Unga mweupe ndani ya mfuko usio na lebo utazua maswali, na maswali hayo yatakuwa halali.

## Hatua ya 1: Yajue maji yako

Pima joto la maji ya bomba asubuhi, maji ya simtanki saa nane mchana, na chupa ya maji iliyolala chumbani usiku kucha. Andika namba zote tatu. Simtanki jeusi lililo juani kwenye paa linaweza kuwa na maji ya moto kuliko hewa yenyewe, na mtu anayesafisha filamu saa tisa alasiri kwa maji hayo anatumia dawa tofauti kabisa na anayesafisha alfajiri, hata kama paketi ni moja.

Kisha yaonje. Nyumba nyingi za Dar zinategemea kisima, na maeneo mengi kisima kinatoa maji chumvi. Maji hayo yasiingie kwenye divelopa wala kwenye suuzo la mwisho. Madini yake huacha madoa meupe kwenye filamu, na chuma kikiwemo huua haraka divelopa zinazotegemea vitamini C. Maji ya Ruvu yanayoletwa na DAWASA yanafaa kusuuzia, ila msimu wa mvua yachuje kwa kitambaa safi cha pamba, maana tope laini hunasa kwenye gelatini, utando laini unaobeba picha kwenye filamu, na halitoki.

Tahadhari moja: ukienda duka la spea kutafuta maji ya mvuke uliopozwa (distilled water), soma lebo. Jina "maji ya betri" hutumika pia kwa asidi ya betri. Kama huna uhakika, nunua maji ya kunywa.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema bila kubahatisha: chumbani kwangu maji yana nyuzi 29, na kwa barafu niliyonayo nayashusha hadi 24.

Nyuzi 24 ndiyo namba ninayoshauri uishike mwaka mzima. Kufika 20 kunawezekana, lakini chumba chenye nyuzi 31 kitalipandisha tenki lako wakati dawa ikiwa kazini, na utaishia kusafisha kwenye joto usilolijua. Afadhali 24 ya kweli kuliko 20 ya kwenye karatasi.

## Hatua ya 2: Badilisha dakika za nyuzi 20 ziwe za kwako

Kanuni ni rahisi: kila nyuzi tatu zinazoongezeka, ondoa robo ya muda. Chati ya Ilford, kampuni ya filamu na dawa zake, inatoa mfano huo huo, kwamba dakika 4 kwenye nyuzi 20 zinakuwa dakika 3 kwenye nyuzi 23. Kwa nyuzi moja moja, zidisha muda kwa 0.91 kila unapopanda. Kutoka 20 hadi 24 unazidisha kwa 0.68, na hadi 28 kwa 0.46.

Sasa weka mpaka: muda wowote ulio chini ya dakika 5, usiutumie. Kumimina dawa ndani ya tenki kunachukua sekunde 10 hadi 15, na kuitoa vivyo hivyo. Kwenye muda wa dakika 10 tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye dakika 3 inaonekana, kwa kuwa upande mmoja wa filamu umelowa mapema kuliko mwingine, na gelatini haijapata nafasi ya kunyonya dawa sawasawa. Mabaka ya angani mengi yanazaliwa hapa.

Chukua filamu ya Ilford HP5 Plus iliyopigwa kwa ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga), kwa muda wa mtengenezaji kwenye nyuzi 20:

- ID-11 isiyozimuliwa, dakika 7 na nusu. Kwenye 24 inabaki 5 na sekunde chache. Kwenye 28 ni tatu na nusu, haifai.
- ID-11 iliyozimuliwa 1+1, yaani kipimo kimoja cha dawa kwa kimoja cha maji, dakika 13. Kwenye 24 ni dakika 8 na sekunde 50. Kwenye 28 ni dakika 6, bado iko salama.
- ID-11 kwa 1+3, dakika 20. Kwenye 28 ni dakika 9 na robo.
- HC-110 mchanganyiko B, yaani 1+31, dakika 5. Kwenye 24 ni tatu na sekunde 24. Haifai.
- Rodinal 1+50, dakika 11. Kwenye 24 ni dakika 7 na nusu.

Unaona jambo linavyokwenda. Dawa ile ile inayoshindwa ikiwa nzito inafaulu ikizimuliwa. Hapa Dar kuzimua ndiyo njia ya kupata dakika za kutosha, na watu wengi wanaponunua dawa kali zaidi "ili picha ziwe safi" wanakwenda upande usiofaa.

Kama filamu yako ni Kodak Tri-X 400, anzia dakika 9 na sekunde 45 kwa D-76 1+1 kwenye nyuzi 20. Kwenye 24 ni dakika 6 na sekunde 40 hivi.

## Hatua ya 3: Chagua divelopa

### Kama unasafisha filamu mbili au zaidi kila mwezi: D-76 au ID-11

Hii ndiyo ningemkabidhi mtu yeyote anayeanza. Ni unga, husafiri vizuri, na mchanganuo wake ni karibu mmoja kwa kampuni zote mbili: metoli gramu 2, sodiamu salfaiti gramu 100, haidrokwinoni gramu 5 na boraksi gramu 2 kwa lita. Salfaiti nyingi hiyo huyeyusha kingo za chembe na kuzilainisha. Alkali yake ni ya upole, jambo la maana kwenye joto, kwa sababu alkali kali hulainisha gelatini nayo ikaumwa na kucha au na spuli.

Itumie kwa 1+1, kisha mwaga. Usiirudishe kwenye chupa. Kila filamu ya 35mm yenye picha 36 inataka angalau mililita 240 za dawa mama (unga uliokwisha kuchanganywa na maji, kabla ya kuzimuliwa), ndiyo maana tunajaza tenki mililita 500: 250 za dawa mama na 250 za maji. Ukijibana kwenye mililita 290, dawa mama inakuwa 145 tu, inachoka njiani na sehemu zenye mwanga hazipati weusi wake.

Swali linaloulizwa sana: mbona Ilford wanatoa dakika 11 kwa D-76 1+1 na 13 kwa ID-11 1+1, ilhali dawa ni ndugu? Fuata iliyoandikiwa dawa uliyonayo, kisha rekebisha kwa hatua ya 8. Tofauti hiyo haitakuharibia filamu.

Udhaifu wake ni uhai. Dawa mama kwenye chupa iliyojaa hadi mdomoni hukaa miezi 6, iliyofika nusu ni miezi 2. Namba hizo si za kabati lenye nyuzi 31. Igawe kwenye chupa ndogo za mililita 250, moja kwa kila filamu, zikiwa zimejaa pomoni.

### Kama unasafisha filamu chache kwa mwaka: Rodinal

Rodinal ilipewa hataza mwaka 1891, na hakuna divelopa inayovumilia kusahaulika kama hii. Chupa iliyofunguliwa hukaa miaka, ikigeuka rangi ya kahawia nzito bila kufa. Kwa mtu anayepiga filamu moja Pasaka na nyingine Desemba, hakuna chaguo bora.

Bei yake unailipa kwenye chembe. Haina salfaiti ya kutosha kuzilainisha, na joto linaziongeza. Kwa filamu za ISO 100 na 125 picha zinakuwa kali na nzuri mno. Kwa filamu ya 400 chembe zitaonekana wazi, na wapo wanaozipenda. Kwa ISO 800 na kuendelea, achana nayo, kwani vivuli vitabaki vitupu.

Kwa 1+50 kwenye mililita 500 unahitaji mililita 10 za dawa nzito. Pima kwa sirinji, usikadirie kwa kizibo. Kosa la mililita 2 hapa ni asilimia 20 ya dawa yote.

### HC-110, ikizimuliwa

Inakaa muda mrefu pia, ila michanganyiko yake ya kawaida ni ya dakika chache mno kwa joto letu. Tumia 1+63, ambayo wapigapicha huiita mchanganyiko H, kwa muda mara mbili ya B. HP5 Plus inakuwa dakika 10 kwenye nyuzi 20, na 6 na sekunde 50 kwenye 24. Mililita 8 za dawa kwa 492 za maji zinatosha filamu moja.

### Kwa picha za usiku: DD-X au Microphen

Ukipiga taarabu, muziki wa dansi au mitaa ya Kariakoo usiku kwa filamu ya ISO 400 huku kamera ikiwekwa 1600, unataka dawa inayotetea vivuli. DD-X kwa 1+4 inatoa HP5 Plus ya 1600 kwa dakika 13 kwenye nyuzi 20, sawa na 8 na sekunde 50 kwenye 24. Ni ghali, maana filamu moja inakula mililita 100, na chupa ikifunguliwa imalize ndani ya miezi 4. Inunue ukiwa tayari na filamu za kuitumia.

### Xtol na ndugu zake za vitamini C

Chembe laini, vivuli vizuri, haina haidrokwinoni, na unga wake huyeyuka kwenye maji ya kawaida bila kuchemsha. Kwa ubora wa picha naiweka juu ya D-76. Lakini ikifa haibadiliki rangi wala harufu. Inakuacha na filamu tupu. Kwenye nyumba yenye joto na maji yasiyoaminika, hatari hiyo ni kubwa kwa anayeanza. Ukiitaka, tafuta paketi ya lita 1, kama XT-3 ya Adox, uichanganye kwa maji ya chupa, na kabla ya kila filamu fanya jaribio la hatua ya 5.

### Kahawa

Kwa kuwa wengi wanauliza: ndiyo, kahawa ya unga inayoyeyuka papo hapo, sodiamu kaboneti na vitamini C hutoa picha. Kwa lita moja weka kahawa gramu 40, kaboneti kavu gramu 54 na vitamini C gramu 16, dakika 15 kwenye nyuzi 20. Kahawa za bei ya chini zenye robusta nyingi hufanya kazi vizuri zaidi kuliko za gharama, basi anza na Africafé ya Bukoba. Kaboneti ni ile soda ashi ya watengeneza sabuni. Bikaboneti ya mandazi haifanyi kazi, na kostiki soda itakuunguza. Alkali yake ni kali, hivyo kwenye nyuzi 28 filamu inalainika. Ni nzuri kwa kujifunza. Picha za harusi ya mtu usizitie humo.

## Hatua ya 4: Zingatia jua ulilopigia

Jua la Dar saa sita mchana liko utosini. Uso wa mtu aliyesimama chini ya mwembe, na nyuma yake mchanga mweupe wa Coco Beach, vimeachana kiasi ambacho muda wa kawaida utaifanya sehemu ya mwanga kuwa ukuta mweusi kwenye negativu.

Kwa filamu nzima iliyopigwa kwenye jua hilo, piga filamu ya 400 kama ni 200, na upunguze muda wa kusafisha kwa asilimia 15. Mwanga wa ziada unajaza vivuli na ngozi nyeusi inapata maelezo yake. Muda uliopunguzwa unalizuia anga lisizidi. ID-11 1+1 ya dakika 8 na sekunde 50 inakuwa 7 na nusu.

Angalia sasa: joto linapunguza dakika, na jua linapunguza tena. Aliyechagua dawa ya dakika 5 hana tena pa kupunguzia. Aliyeanza na 1+1 anayo nafasi.

## Hatua ya 5: Changanya na ujaribu dawa

Unga wa D-76 na ID-11 unataka maji ya moto, D-76 nyuzi 50 hadi 55 na ID-11 karibu 40. Soma paketi yako. Anza na robo tatu ya maji, mimina unga polepole huku ukikoroga bila kuupiga mawimbi, kwa sababu hewa inayoingia inaanza kuila dawa hapo hapo. Ongeza maji hadi kipimo kamili. Usigawe paketi ya unga ili uchanganye nusu leo na nusu kesho: kemikali ndani ya paketi hazijatawanyika sawa, na nusu yako inaweza kukosa metoli.

Iache ilale usiku kucha. Inatakiwa iwe angavu, bila unga chini.

Andika jina na tarehe kwenye chupa. Usiiweke kwenye chupa ya juisi au ya soda, hata ukiwa umeandika kwa maandishi makubwa. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo.

Jaribio la kila safari: kata sentimita 3 za mwanzo wa filamu, zile zilizokwisha kuona mwanga, uzitumbukize kwenye dawa iliyozimuliwa taa ikiwa inawaka. Zinatakiwa ziwe nyeusi kabisa ndani ya muda wako wa kusafisha. Zikibaki kijivu, mwaga dawa. Jaribio hili linachukua dakika chache na linaokoa picha 36.

## Hatua ya 6: Shusha joto na ulishike

Kwa maji ya chumbani yenye nyuzi 30 na ya friji yenye 5, kipimo cha kufika 24 ni mililita 120 za friji katika kila 500. Yaani, kwa ID-11 1+1: dawa mama 250, maji ya friji 120, maji ya chumbani 130. Kwa Rodinal: dawa 10, maji ya friji 120, ya chumbani 370. Pima kwa kipimajoto kila mara, kwa kuwa friji za watu hazilingani.

Jaza beseni lita 5 za maji. Kuyashusha kutoka 30 hadi 24 kunahitaji barafu ya gramu 300 hivi. Ukiweka chupa zilizogandishwa badala ya barafu wazi, joto linashuka taratibu na unazitoa ukifika. Panga humo dawa zote: divelopa, fiksa, na lita mbili za maji ya kusuuzia.

Tenki lenye filamu nalo liingie kwenye beseni kwa dakika 10, likiwa limefungwa vizuri na maji yasifike kwenye mdomo wake. Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu. Tenki la plastiki lililokaa chumbani lina nyuzi 30 na ukimimina dawa ya 24 ndani yake unapata 25 au zaidi papo hapo.

Umeme ukikatika na barafu hakuna, tumia ID-11 kwa 1+3 kwenye joto la chumba, ukiwa umekokotoa muda wa joto hilo, kwenye tenki la lita moja ili filamu ipate dawa mama 250 na maji 750. Picha zitakuwa salama. Usisafishe filamu unayoithamini juu ya nyuzi 30.

## Hatua ya 7: Safisha, fiksa, suuza

1. Mimina divelopa kwa mkupuo mmoja na uanze saa. Funga, pindua tenki mara 4 ndani ya sekunde 10, kisha ligonge chini mara mbili kuondoa mapovu. Povu lililobaki linaacha kiduara kisicho na picha.

2. Kila dakika pindua mara 4 ndani ya sekunde 10, kisha rudisha tenki kwenye beseni. Usitikise kwa wasiwasi kila unapokumbuka. Kutikisa kupita kiasi kunapeleka dawa mbichi kwenye matundu ya pembeni na kuacha michirizi.

3. Sekunde 10 kabla ya muda kwisha, anza kumwaga. Jaza maji ya nyuzi 24, pindua mara 5, mwaga, rudia. Dawa ya kusimamisha yenye asidi si lazima kwa filamu moja moja. Ukiitumia, iwe nyepesi.

4. Fiksa ya haraka kwa 1+4, dakika 3 hadi 5. Ijaribu kwanza kwa kipande cha filamu: hesabu sekunde hadi kiwe angavu, na muda wako uwe mara tatu ya hizo. Kipande kikichukua muda mara mbili ya ulivyokuwa fiksa ikiwa mpya, imekwisha. Fiksa unaweza kuitumia tena, divelopa iliyozimuliwa hapana.

5. Suuza kwa kujaza tenki na kupindua mara 5, mwaga. Jaza, mara 10, mwaga. Jaza, mara 20, mwaga. Kama maji ya kusuuzia yana nyuzi 29, usiruke ghafla. Suuzo la kwanza liwe 25, la pili 27. Mshtuko wa joto unaikunja gelatini na kuzidisha chembe.

6. Suuzo la mwisho ni maji ya chupa yenye mililita 2.5 za Ilfotol kwa 500. Sabuni ya vyombo ina manukato na rangi, iache.

7. Ning'iniza bafuni, uzito wa kibanio cha nguo ukiwa chini, mlango umefungwa. Usiwashe feni. Kwenye unyevu wa Dar filamu itachukua saa nne au zaidi kukauka, na muda wote huo inanata vumbi.

## Hatua ya 8: Soma negativu, kisha gusa kitu kimoja

Angalia kwanza maandishi ya pembeni, namba na jina la filamu. Hayo yalichapwa kiwandani kwa mwanga, hivyo yanakueleza kuhusu dawa peke yake, bila kamera yako kuingia.

- Maandishi meusi na picha nyepesi: divelopa ilifanya kazi, mwanga wa kamera haukutosha. Kubadilisha dawa hakutasaidia.
- Maandishi hafifu na picha hafifu: dawa imechoka, muda mfupi, au kipimajoto kinadanganya.
- Filamu angavu, hakuna hata maandishi: divelopa ilikuwa imekufa, au fiksa ilitangulia.
- Maandishi yapo, picha hakuna: filamu haikuvutwa ndani ya kamera.
- Kila kitu cheusi na anga halisomeki: joto lilizidi au muda ulizidi. Punguza muda kwa asilimia 15.
- Kijivu kimetanda filamu nzima hadi pembeni: filamu imezeeka au ilikaa kwenye gari juani. Filamu ambazo hujapiga zikae kwenye friji, na zitoke saa moja kabla ya kufungua kasha ili zisishike umande.
- Weupe kama maziwa: fiksa haikumaliza. Rudisha kwenye fiksa mpya hata leo, utaiokoa.

Negativu iliyofaulu ukiiweka juu ya gazeti, herufi zinaonekana kwa shida kupitia sehemu nyeusi kuliko zote, na ndani ya vivuli kuna maelezo, si utupu.

Filamu ijayo, badilisha kitu kimoja tu. Kama ni muda, joto na mchanganyiko vibaki vile vile. Andika kwenye daftari filamu, ISO, dawa, mchanganyiko, joto mwanzo na mwisho, dakika, na ulichokiona. Filamu tatu mfululizo zikitoka sawa kwa namba zile zile, hapo ndipo unaweza kufikiria kununua divelopa ya pili.